Mstari Mmoja Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, ingawa mikono yake ya ushonaji ilikuwa bado hodari. Jina hilo mtoto alilipata kwa pupa yake: chai aliinywa ya moto, na viatu alivaa huku akikimbia.

Jumamosi moja kazi ilikuwa nyingine. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempa bibi kipimo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo, maana damu hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya utumbo. Bibi alitia choo kidogo ndani ya kichupa chenye dawa, akakitikisa, kisha akamwachia mjukuu adondoshe matone kwenye kipimo.

"Taratibu, mjukuu wangu."

"Namaliza, bibi!"

Nje wenzake walikuwa wakimwita kuruka kamba. Kichupa kikamponyoka, dawa karibu yote ikamwagika. Akatazama huku na huku, akajazia maji ya bomba, akadondosha. Ukatokea mstari mmoja mwekundu. Mmoja maana yake hakuna damu, miwili, ipo.

"Mzima kama kigongo!" Bibi alipiga makofi.

Chapuchapu hakwenda kuruka kamba. Tangu siku hiyo kila bibi alipojishika tumbo, mtoto alikaukiwa mate. Gauni la bibi lililokuwa likimkaa vizuri sasa lilimpwaya. Akifa, nitakuwa nimemuua mimi, aliwaza, na hofu ikamnyima hata hamu ya chakula.

Asubuhi moja uzi ulikataa kabisa kuingia kwenye sindano.

"Mbona unatetemeka? Sindano haijang'ata mtu," bibi alimtania.

"Bibi, usife!" Chapuchapu aliangua kilio. "Dawa ilimwagika. Nilijazia maji!"

Bibi aliichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Vaa viatu twende zahanati," alisema. "Na leo usikimbie."

Kipimo kilirudiwa, safari hii na muuguzi mwenyewe. Chapuchapu alimshika bibi kidole, asithubutu kutazama. Alipofumbua macho, mistari ilikuwa miwili.

Hospitalini walikuta uvimbe mdogo wa saratani kwenye utumbo, ambao ulikuwa haujasambaa. Daktari alimfanyia upasuaji, akauondoa wote. Siku bibi alipokwenda zahanati kuonesha kidonda chake kilivyopona, Chapuchapu alimuuliza muuguzi kwa nini kipimo kilidanganya.

"Hakikudanganya," alijibu muuguzi. "Ndani yake mna chembe za dhahabu, ndogo hata darubini ya shuleni haizioni. Zikikutana na damu huishika, zikasongamana pamoja, ndipo mstari wa pili huonekana. Wewe uliizimua damu kwa maji, zikakosa cha kutosha kushika."

Akamwinamia. "Chembe hizi hukamata damu tu, mwanangu. Uongo haziwezi kuukamata. Huo ni mpaka mwenye nao aseme, na aseme mapema kama ulivyosema wewe."

Walipofika nyumbani, bibi akampa sindano na uzi. Chapuchapu akautunga taratibu.