Mandazi Arudi kwa Wenzake

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, mimi huenda kwenye roshani ya nyumba yetu hapa Kileleshwa nikiwa na sukuma wiki ya simbilisi. Ni majike wanne, wanyama wadogo wasio na mkia, mali ya chama cha sayansi cha shule yetu. Mwalimu Phoebe alinikabidhi niwatunze likizoni, pamoja na daftari la kuandika kila kinachotokea.

Mmoja wao, Mandazi, aliyeletwa akiwa tayari na mimba, alipokaribia kuzaa nilimtenga kwenye kizimba chake, kama nilivyoagizwa. Wanawe walipoacha kunyonya, niliwaachia kizimba hicho, ikawa siku ya kumrudisha mama yao kwa wenzake watatu. Agizo lilikuwa wazi: niwaweke wote wanne mahali pageni, niwatazame saa nzima. Saa nzima jamani, na rafiki yangu Hannah alikuwa ananingoja chini tucheze! Basi nikamwogesha Mandazi kwa sabuni ya Mama ya kunukia, ili apokelewe vizuri, nikamtumbukiza moja kwa moja kwenye kizimba cha wenzake, nikashuka mbio.

Niliporudi, Mandazi alikuwa amebanwa kwenye kona. Bi Mkubwa, jike tuliyempa jina hilo kwa ubabe wake, alikuwa amemng'ata sikio hadi likachanika. Nilimtoa, nikamficha ndani ya katoni chini ya kitanda changu. Kisha nikaandika daftarini: "Nimewatazama saa nzima. Wamepatana." Mama akaupiga picha ukurasa huo na kumtumia mwalimu, naye akajibu kwamba amefurahi sana.

Siku mbili sikuwa na raha. Sikio lilivimba, Mandazi akakataa hata karoti. Nikisema, nitapokonywa simbilisi na kuitwa mwongo. Nikinyamaza, atanifia chini ya kitanda. Kila Mama alipoingia chumbani na ufagio, nilikaa kitandani nikaning'iniza miguu ili asiione katoni. Nilihisi kama nimefungiwa mle ndani pamoja na Mandazi. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, nimemuumiza Mandazi, na nimemdanganya mwalimu," nilisema, nikaangua kilio.

Mama alimpigia simu Mwalimu Phoebe, naye mwalimu akaja jioni hiyo hiyo. Alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akaeleza kwamba simbilisi hutambuana kwa harufu. Sabuni yangu ilikuwa imemfanya Mandazi mgeni kwa wenzake.

Sikio lilipopona, mwalimu alirudi. Tulitandaza magazeti bafuni, tukarundika nyasi, tukawaachilia wote wanne. Bi Mkubwa alisaga meno, akamfukuza Mandazi huku na huku. Nilitaka kumwokoa, lakini mwalimu alinizuia, akasema maadamu hawang'atani tuwaache wazoeane. Baada ya muda wakaanza kula, Mandazi katikati yao.

Nilishusha pumzi. Mwalimu Phoebe akanipa kalamu niupige mstari ule uongo daftarini.

"Kaluki, kosa la sabuni hata mimi ningeweza kulifanya," alisema. "Lakini daftari liliniambia mambo ni shwari, nami nikakaa kwangu nimetulia huku mnyama anaumwa. Ukikosea, andika umekosea. Siwezi kukusaidia kwa jambo ulilonificha."