Kipimo cha Mama Mdogo

Kila akitoka shule, Kidoti alipitia karakana ya mama yake mdogo, akavua sare na kukaa kwenye mashine ya kufuma masweta ya wanafunzi. Mashine ile ilikuwa ya mama yake. Sasa mama alikuwa amelazwa; saratani ya titi ilikuwa imemmaliza, amebaki ngozi na mifupa.

Siku hiyo Kidoti alitaka kuwahi saa ya kutazama wagonjwa. Lakini uzi ulikuwa mbovu, na kila ulipokatika, kidude cha chuma kilidondoka na kuisimamisha mashine. Uvumilivu ukamwisha. Akakifunga kile kidude kwa kitambaa, mashine ikaenda mbio. Haraka haraka haina baraka: sweta lilitoka na tundu kubwa kifuani, nyuzi zimefumuka mpaka begani.

"Umefunga kizuizi?" aliuliza mama mdogo.

"Kilikuwa kinanichelewesha."

"Kikidondoka kina sababu. Lifumue lote, kisha twende kwa mama yako."

Hospitalini daktari aliwaita pembeni. Hakuuma maneno: mgonjwa hatapona. Tena, kwa kuwa bibi naye alikufa kwa ugonjwa huohuo, alimtaka mama mdogo apimwe damu.

"Mimi siumwi hata jino," mama mdogo alijibu. "Ukitafuta ugonjwa utaupata. Sipimwi."

Daktari akavuta kiti. "Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ina maelekezo yake, yaani vinasaba, au jeni. Maelekezo hayo huharibika kila siku, kwa jua, kwa moshi, hata bure tu. Ndiyo maana tuna jeni za ulinzi. Seli ikiharibika, huizuia isigawanyike mpaka itengenezwe. Isipotengenezeka, huiamuru ife. Kila jeni tunazo mbili, ya baba na ya mama. Dada yako alizaliwa na moja mbovu, na huenda nawe unayo. Ya pili ilipoharibika katika seli moja tu, hapakubaki wa kuizuia; ikagawanyika ovyo, ikawa saratani."

"Kama kile kidude nilichokifunga," Kidoti alisema polepole.

Akamgeukia mama yake mdogo. "Mama mdogo, nawe ukiondoka, mimi nitabaki na nani?"

Mama mdogo alilia kwanza. Halafu akakunja mkono wa gauni lake.

Walimzika mama kabla majibu hayajatoka. Yalipotoka, jeni mbovu ilikuwemo, na picha ya matiti ikaonyesha uvimbe mdogo kuliko kifungo cha shati. Daktari aliuondoa kabla haujasambaa.

Kidoti alimkuta mama mdogo kitandani, amefungwa bendeji.

"Uliogopa?"

"Sana. Na nilikuwa mjinga, mwanangu. Nilidhani nisipouliza, jibu halitakuwepo. Kumbe lilikuwa mwilini mwangu tangu nizaliwe. Afya hailindwi kwa kufumba macho." Akamshika mkono. "Ukiwa mkubwa, nawe itabidi uulize la kwako. Siku hiyo tutakwenda wote."