Haa! Kivuli Kimehama!

Tunu anasoma chekechea. Katika uwanja wa shule yao kuna saa kubwa ya jua.

Saa hiyo haina mishale. Ina nguzo moja ndefu. Kivuli cha nguzo hulala chini na kuonyesha saa.

Asubuhi moja, Tunu alimwokota konokono uwanjani. Jua lilikuwa kali. Konokono hapendi jua. Jua humkausha.

Tunu akamweka kwenye kivuli cha nguzo.
"Kaa hapa, konokono. Hapa pana ubaridi."

Akaenda kunywa maji. Gu, gu, gu! Akarudi.

Haa! Kivuli kimehama!

Konokono yuko juani! Amejificha ndani ya nyumba yake, kimya.

"Nani amesogeza kivuli?" Tunu akauliza.

Akamrudisha konokono kivulini, pale ukingoni. Akainama kufunga kiatu. Akainuka.

Haa! Kivuli kimehama tena!

Tunu akakimbia, pu, pu, pu!
"Mwalimu Mbonea! Kivuli kinatoroka! Konokono wangu atakauka!"

Mwalimu Mbonea akaja. Akalala kifudifudi mchangani. Mwalimu mzima! Tunu naye akalala kando yake.

"Tazama ukingo wa kivuli," Mwalimu akanong'ona. "Tazama chembe moja tu ya mchanga."

Tunu akakodoa macho. Chembe iling'aa juani. Pole, pole, pole... kivuli kikaimeza!

Kikameza nyingine. Na nyingine.

"Haa! Nimekiona! Kinatembea!"

"Eeh, kinatembea. Mwendo wake ni kama wa konokono."

"Nani anakisukuma, Mwalimu?"

"Hakuna anayekisukuma. Dunia inazunguka, Tunu. Nguzo inazunguka nayo. Mimi na wewe pia."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Haa! Tunu akashika ardhi kwa mikono miwili.

Kisha akamrudisha konokono kivulini, akamnyunyizia maji. To, to, to. Akasubiri.

Pembe moja ikachomoza. Ya pili ikafuata. Yuko hai!

"Twende, konokono! Tembea na kivuli!"

Konokono akatembea. Kivuli kikatembea. Wakaenda pamoja, pole, pole, pole, hadi kwenye majani mabichi kando ya saa.

Konokono akaingia majanini. Salama!

Jioni, Tunu akapanda kitandani.
"Mama, nishike vizuri. Dunia inazunguka."

"Haa! Sasa hivi?" Mama akashtuka.

"Sasa hivi, Mama."

Mama akapanda haraka. Akamkumbatia Tunu.

Wakazunguka wote wawili, pole, pole, pole, mpaka usingizi ukawachukua.