Sura ya Kuazima

Jambo la kwanza lilikuwa mafuta. Laure aliingia asubuhi katika chumba chake cha kazi pale Dilala, akakuta pua aliyoifinyanga jana inang'aa, na alipoigusa kidole kilirudi na utelezi unaonuka soksi iliyolowa. Udongo hautoki jasho. Akajifuta kwenye koti, akalaumu joto la mabati, maana msomi hakosi cha kulaumu.

Kazi yake ilikuwa kuyarudishia mafuvu sura, ili wafu wajulikane na wazikwe kwa majina yao. Fuvu hili lilitoka katika shimo lililoporomoka nyuma ya Kapata, ambako vijana huchimba kobalti, na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ilitaka kujua ni la nani. Kazi huanza kwa kubandika vijiti vya kupimia unene wa nyama, kisha udongo hujazwa katikati. Lakini mfupa hausemi midomo wala masikio. Hapo mfinyanzi hukisia. Ndiyo maana kuna mwiko mmoja: usitazame picha ya mtu anayetafutwa kabla hujamaliza, mkono usije ukafuata macho.

Laure alikuwa ametazama. Mama Kabedi wa Kapata, ambaye mwanawe Dady alikuwa amepotea miezi mitano, alikuja kila siku kukaa mlangoni. Hawezi kuweka matanga, hawezi kuacha kungoja. Siku moja akamnyooshea simu yenye picha ya mwanawe, na Laure, kwa huruma zake hizo, akaipokea. Wema usizidi uwezo. Alasiri ile midomo ya Dady ilikaa juu ya fuvu, na mama akapiga magoti akasema ni yeye.

Siku ya tatu shavu liliota vinyweleo. Siku ya nne vikatoka vipele, kimoja kina usaha, na Mama Kabedi akaufuta kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi. Laure alitoka nje akatapika. Siku ya tano simu ya mama ikalia. Alikuwa Dady mwenyewe, yu hai, yuko Nzilo, alikokimbilia bila kuaga baada ya kugombana naye.

"Mama, mi niko muzima," alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Lakini uso yangu iko nakufa. Siko nasikia midomo tena. Bitu bya kula biko naanguka."

Furaha ya mama haikumaliza hata dakika. Akakimbia kumleta Mama Ngalula, mganga wa hapo Dilala, ambaye alisimama mlangoni ameziba pua. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mwenye fuvu ni mfu asiye na jina. Pepo wake amevikwa sura ya mtu aliye hai, na sasa anaivuta imfuate. Ikitoka nzima, itamrudia Dady.

"Mutoto yangu," alimwambia Laure, "tosha ile sura na mikono yako, yote muzima, pole pole. Usipasule. Iko na mwenyewe."

Simu iliwekwa mezani, Dady upande wa pili, mama akimsemesha asije akanyamaza, na Laure akapenyeza vidole chini ya kidevu, akakuta udongo haupo tena, ni kitu cha vuguvugu chenye kunata, akakivuta kidogo kidogo, kidevu, sikio, kope, kikibanduka kwa mlio wa ulimi unaoachana na kaakaa, huku harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi ikimpanda mpaka machozi yakamtoka, hata akafika kwenye midomo, na midomo ile ikamshika kidole gumba ikaanza kunyonya.

Kinyaa kilimshinda. Aliuchomoa mkono kwa nguvu, na shavu likapasuka mpaka sikioni, sura ikabanduka ikabaki inaning'inia mkononi mwake.

Kwenye simu ilisikika sauti ya majimaji, kisha pumzi tu, kisha hata pumzi haikusikika. Mama Kabedi akaiinamia.

"Dady?" alinong'ona. "Dady, uko nasikia?"

Katika mkono wa Laure, ile midomo iliyoning'inia ikajibana, ikaachia.

"Eyo, mama," ikasema. "Niko hapa."

Na Mama Kabedi akaiacha simu mezani, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.