Betri Zilizotupwa Korongoni

Puu! Puu! Kitu kilikuwa kikigonga miti ya zizi. Nyanzala aliacha kukoka moto, akatoka mbio. Alimkuta ng'ombe wao, mtamba mwenye mimba ya kwanza, amekandamiza kichwa kwenye nguzo, anasaga meno. Alimpungia mkono machoni. Mtamba hakuona kitu.

"Ni ndigana, homa ya kupe," alisema Ngusa, mumewe, akaenda kumwita bwana mifugo.

Bwana mifugo Ponsian alimpima mtamba, kisha akaliinamia sanduku jeusi ambamo ng'ombe walilamba chumvi.

"Hili umelitoa wapi, Baba Lucia?" alimuuliza Ngusa.

"Korongoni, nyuma ya ofisi ya kampuni ya tumbaku. Nililipasua, nikatoa vyuma, nikatia chumvi. Gumu kuliko mti!"

"Ni betri hii! Umeme ukikatika, kompyuta zao hutumia betri kama hizi. Ndani mna madini ya risasi, sumu kali. Ng'ombe wameilamba pamoja na chumvi. Huyu haponi. Nyama yake msile. Maziwa ya wengine mwageni mpaka niwaambie. Watoto wapelekeni hospitali leo wakapimwe."

Mtamba alikufa. Walipokuwa wakimfukia, jirani alicheka. "Nyie Wasukuma! Mnazika nyama?"

"Tunazika uzembe wa wakubwa," alijibu Nyanzala.

Kesho yake yeye na Ponsian walikwenda kwa meneja wa kampuni, Maximilian.

"Mama, betri zilikuwa zimekufa," alisema meneja. "Nani alikutuma uokote?"

"Kwenu zilikufa. Kwetu zikaja kuua!"

Wakulima wa tumbaku waliokuwa nje walisogea dirishani.

"Bwana meneja," alisema Ponsian, "anayenunua kompyuta amenunua na taka zake. Betri chakavu zikae ndani, kwenye sakafu ya saruji, mlango ufungwe. Kisha zirudi kwa aliyewauzia."

Meneja aliwatazama wakulima, akashusha sauti. "Tutaziondoa."

Kweli, vibarua walivaa glovu, wakazoa betri na udongo wake. Betri zikasafirishwa kwa treni hadi kwa muuzaji. Ngusa alihamisha zizi, akachonga hori la mti. Hospitali ilisema watoto ni wazima. Ng'ombe waliobaki walipona. Lakini fidia ya mtamba hawakulipwa, wala pole hawakupewa.

Siku korongo liliposafishwa, Nyanzala alimkabili meneja mbele ya watu.

"Meneja, nakuahidi. Nikiona betri nyingine hapa, nitakuletea mezani kwako. Nitakuja na wanangu, na hatutaondoka mpaka uibebe kwa mikono yako mwenyewe."