Mkwe Hashikwi Shingo

— Zipora! Acha hicho kichwa, njoo! Jordan anapiga kutoka Ulaya!

Nilimwacha mteja barazani na msuko nusu, nikakimbilia ndani ya duka la Sabiha, chanuo bado limenichomeka nyweleni. Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Dodoma, na ya shoga yangu Sabiha ilikuwa ya mtaa mzima.

— Haloo? Jordan?

— Mama watoto, hujambo?

— Watoto gani? Niambie, umepata medali?

Nikasikia watu wanashangilia huko nyuma yake.

— Ya shaba ilikuwa hapa mkononi, Zipora. Nimeiacha.

— Umeiacha vipi, kwani ni mwavuli?

— Nimepangwa na mjomba wako.

Nikakaa juu ya gunia la mchele.

Jordan mchumba wangu na Mjomba Batholomeo, mdogo wa mwisho wa mama, wote wanacheza sambo. Ni mieleka ya kuvaa koti na kaptura: unamshika mwenzako koti au mkanda, unamwangusha, unambana mkono au mguu mpaka apige sakafu kuomba aachwe. Walikuwa wamekwenda kwenye michezo ya mataifa, ile mikubwa ambako huyu anakimbia, yule anaogelea, mwingine anapigana ngumi. Wote wawili uzito mmoja. Kila mmoja alishinda akashindwa, mwisho wakakutanishwa wao kwa wao kugombea shaba.

— Sasa ikawaje?

— Nikatazama ile shingo yake nikaona ni mkwe. Mkwe anashikwaje shingo mbele za watu? Nikainua mkono, nikamwambia mwamuzi basi.

— Lakini Jordan...

Simu ikakatika. Sabiha alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika.

— Unacheka nini?

— Nacheka adabu zenu Wagogo! Mtu kapanda ndege mpaka Ulaya kwenda kumwamkia mjomba!

Kabla sijamjibu, simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa meseji, ya mjomba:

"MWAMBIE BWANA WAKO AMENIDHALILISHA. NIMEVISHWA MEDALI SIJATOA HATA JASHO. WATU WAMECHEKA. NG'OMBE WAKE ASILETE."

Sabiha akaacha kucheka. Hata yeye alijua kwamba kwetu mjomba akikataa, mahari haiingii. Fungu lake limo, na neno lake limo. Baba anaweza kukubali, mama akapiga vigelegele, mjomba akikunja uso, mwari anabaki nyumbani.

Waliporudi, kila mmoja alishuka na basi lake. Jordan alinifuata dukani, mnyonge kama aliyenyeshewa.

— Nimekwenda kumwomba radhi. Nimemwambia, "Shikamoo mjomba." Akasema, "Mjomba wa nani?"

— Umemjibu nini?

— Ningejibu nini? Nimeondoka kinyumenyume.

— Anataka nini hasa?

— Tucheze. Anasema nisipocheza naye mimi ni mwoga, na mwoga yeye hampi mtoto wa dada yake. Na nikicheza naye nimemvunjia heshima mkwe. Sasa wewe niambie, nitokee wapi?

Nilimwambia awatume tu washenga na ng'ombe kwetu Bahi, siku tuliyokubaliana.

— Na mjomba?

— Mjomba niachie. Mimi namtazama tangu nazaliwa.

Ndivyo nilivyofanya, nikamtazama. Jioni ya kuamkia siku ya ng'ombe mjomba alikuja nyumbani Bahi, nikawatengea ugali wa uwele na mlenda, yeye na baba. Nikakaa pembeni nachambua karanga, masikio kwao.

— Shemeji, baba akasema, kijana amekuheshimu. Wewe ni mkwe wake.

— Mkwe wake tangu lini? Ng'ombe wameingia zizini?

— Bado.

— Basi! Mkwe ni ng'ombe wakishaingia. Mpaka sasa mimi na yeye hatujuani hata kidogo.

Nikaweka ungo chini.

— Samahani, mjomba. Kwa hiyo kesho asubuhi, ng'ombe wakiwa bado nje, wewe ni mtu baki?

— Baki kabisa!

— Na mtu baki anashikwa shingo?

Akabaki na tonge mkononi, mlenda unavutika mpaka kwenye sahani. Baba alicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza nani kapaliwa.

Kesho yake washenga walifika na ng'ombe, vumbi linafuata. Baba akasimama kwenye mlango wa zizi, mikono kaitandaza.

— Asiingie hata ndama! Kwanza kuna shughuli.

Mjomba akatoka na koti la bluu. Jordan, niliyempelekea habari usiku uleule, akaja na jekundu, anatazama chini. Sabiha, aliyekuja na mimi kutoka mjini, akaninong'oneza:

— Mbona wako hata hamtazami?

— Nyamaza, angalia.

Wakashikana. Jordan alimgusa mjomba bega kwa vidole viwili tu.

— Unanipapasa kama daktari? Nishike!

Mjomba akamwinua, akambwaga. Akamwinua tena, akambwaga. Wazee wakaguna. Jordan aliponyanyuka macho yetu yakakutana, nikaona anataka kuinua mkono kama kule Ulaya. Nikasahau kwamba bibi harusi hapigi kelele mbele ya wazee.

— Jordan! Huyo ni mtu baki! Mshike, unioe!

Sijui kilimwingia nini. Alikamata koti la bluu kwa mikono yote miwili, akageuka, na mjomba akapita hewani akatua kwa mgongo. Jordan akaudaka mguu, akaubana kwapani. Mjomba akajipinda huku, akajipinda kule, jasho linamtiririka mpaka masikioni. Mwisho akapiga mchanga kwa kiganja. Pa! Pa!

Jordan akamwachia palepale. Mjomba kalala chali anatazama mawingu, nikaona tabasamu linamtoka polepole.

— Hiyo, akasema, ndiyo niliyoifuata Ulaya.

Mama akapiga kigelegele. Baba akatoa miti ya mlango, na ng'ombe wakaanza kusukumana kuingia zizini, yule wa mbele kashatumbukiza kichwa kwenye hori la maji.

Jordan, bado anahema, akainama kumpa mjomba mkono amnyanyue.

— We! Mjomba akaruka, akarudi nyuma anajipangusa mchanga. Usinishike! Huoni ng'ombe wameingia? Heshima iko wapi, kijana?