Mkalimani wa Jini

Siku ile ya mwanzo Nassor alifurahi, kwa sababu neno lilitamkwa sawasawa.

Alikuwa uani anaosha miguu baada ya sala ya alasiri, na kwa kadiri alivyojua, mkewe Mwanamize alikuwa chumbani na vile vipande vya kadibodi. Ndivyo walivyozoea. Nassor huandika maneno ya Kiingereza kwenye kadibodi alizozikata kutoka maboksi ya sabuni, Mwanamize huyaita moja moja kutoka ndani, na yeye hujibu maana yake na kinyume chake. Mwanamize hakujua Kiingereza. Alijua kusoma Kiswahili, kwa hiyo maneno yale aliyasoma vile vile yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, mpaka wote wawili wakacheka.

Alasiri ile neno lilitoka chumbani limenyooka kama linatoka kinywani mwa Mwingereza. Lilikuwa neno lenye maana ya kuingia mahali pa mtu bila ya ruhusa yake. Nassor akaitaja maana, akakitaja na kinyume, kisha akasema, "Ahsante, Mama Tatu. Leo umepatia."

"Nimepatia nini?"

Mwanamize alikuwa nyuma yake. Ndiyo kwanza anaingia kwa mlango wa uani, ndoo ya maji kichwani na mtoto wao Tatu mgongoni. Alikuwa kisimani tangu adhana.

Nassor akenda chumbani. Hapakuwa na mtu. Kadibodi zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya kitanda, na chumba kizima kinanuka nywele zilizoungua.

Nassor alikuwa mtu wa Mkoani. Alisoma Makerere mpaka akapata digrii, na mwaka ule wa 1960 alikuwa anasomesha skuli huko Micheweni, kaskazini ya kisiwa hicho hicho. Alikuwa ameomba kwenda Uingereza kwa digrii ya pili, na chuo kikamjibu kuwa kwanza afanye mtihani wa kuingilia, Unguja: sehemu moja ya msamiati, na sehemu nyengine ya ufahamu, yaani kusoma habari na kujibu maswali yake. Mwaka uliopita aliufanya mtihani huo na msamiati ukamwangusha. Walimruhusu kurudia mara hii tu. Aliona haya kuulizwa habari zake njiani, na usiku alikuwa akiota maneno ambayo maana zake hazijui.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya mwisho upande wao, mgongo wake umeelekea maweni, ile ardhi ya mawe matupu, miba na mapango. Walipohamia, majirani walimwambia kwa upole kwamba akiitwa na sauti kutoka upande ule, asiitike mpaka amwone anayemwita. Nassor aliwashukuru. Hakulifikiria tena neno lile mpaka alasiri ile, na hata hapo hakulifikiria sana.

Mwanamize ndiye aliyelifikiria. Alisema yeye hasomi tena vile vikadibodi, na Nassor hakumlazimisha. Akawa anajisomea peke yake. Lakini hakuwa peke yake. Akilikosea neno, hulisikia kutoka chumbani limetamkwa upya, polepole, kisha maana yake. Akisita, sauti humngojea. Maneno yaliyokuwa yakimtoroka kwa miezi yakaanza kumganda kichwani, na ile harufu ya nywele zilizoungua akaizoea kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni kwake.

Jioni moja Mwanamize alisimama mlangoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba Tatu, nani yumo chumbani?"

"Hapana mtu. Ni mimi najisomea."

"Mie n'nasikia watu wawili."

Nassor akamwambia ni mwangwi wa nyumba ya mawe. Alijua kuwa si kweli. Alijua pia kuwa mtihani umekaribia, na kwamba hajapata kusoma vizuri kama alivyokuwa anasoma siku zile.

Skuli ikafungwa kwa likizo, walimu wenzake wote wakenda makwao. Adhuhuri moja Nassor alikuwa barazani na kitabu mapajani, Mwanamize anapika wali jikoni, jua limetulia juu ya mawe. Ndipo aliposikia kunasomwa ndani. Ilikuwa sauti ya Mwanamize, hilo hakulitilia shaka, lakini Kiingereza kilikuwa kile kilichonyooka, na ilisoma taratibu kama wasomavyo wasimamizi wa mtihani, ikasema kuwa palikuwa na mwanamme mmoja aliyepokea kitu kwa jirani yake kila siku wala asimtaje jirani huyo kwa mtu, na mwanamme huyo sasa amekaa barazani na kitabu kimefunguka, na mkewe ameuacha wali motoni na wali umeanza kushika chini, na mtoto wao ametoka jikoni peke yake, amelipita jiwe la kufulia, amelipita tundu la kuku, amepenya palipobomoka ua, na sasa yuko nje kwenye yale mawe, pale penye pango ambalo ukitupa kokoto husikii linapoangukia. Kisha ikasema: swali la kwanza, mtoto yuko wapi?

Nassor alikwisha kukimbia. Alimkuta Tatu amekaa ukingoni mwa pango, miguu inaning'inia, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu anayezungumza naye kutoka chini. Alimnyakua, akarudi naye mbio. Chumbani, Mwanamize alikuwa amekaa kitandani na mikono mitupu, anautazama ukuta, na macho yake yanakwenda kutoka kushoto kuja kulia, yanarudi, yanakwenda tena.

"Swali la pili," alisema kwa Kiingereza. "Nani alifundisha, na nani alifundishwa?"

Kisha akaanguka ubavu.

Kesho yake alikuja mama yake Mwanamize, Bi Mwanapili, kutoka Shumba Viamboni, amefuatana na Bi Hija, mganga aliyekuwa akiitwa vijiji vyote vya kaskazini. Bi Hija alikuwa mwembamba, hana haraka, na hakutaka chai. Alizunguka nyumba mara moja, akarudi, akamuuliza Nassor, "Jini la maweni haliingii nyumba ya ntu mpaka liitikwe. Nani aliyeliitika?"

Nassor akasema hajui.

Wakamkalisha Mwanamize ukumbini, wakamfunika shuka, wakaweka chetezo cha ubani mbele yake. Bi Hija akasoma. Moshi ulipojaa, mwili wa Mwanamize ulinyooka, mabega yakapanuka kama ya mtu mwengine, na ile harufu ya nywele ikaushinda ubani. Bi Hija akaamkia kwa heshima, akauliza mgeni amekuja kwa heri au kwa shari, na anataka nini. Aliuliza kwa Kiswahili, akauliza kwa Kiarabu. Alijibiwa kwa Kiingereza.

"Lugha hiyo mie sina," alisema Bi Hija. "Mwalimu, kaa hapa. Kila analosema nambie. Usipunguze wala usiongeze."

Nassor akakaa. Bi Mwanapili alikuwa pembeni na Tatu mapajani, anamtazama mkwewe kinywani. Na sauti ile, nene sasa, imeacha kujifanya ya Mwanamize, ilianza kusema moja kwa moja na Nassor kama hapakuwa na mwengine ukumbini, ikasema kuwa yeye alikuwa kwenye mawe yake hana haja na mtu, akasikia maneno, akaita akaitikiwa, akafundisha na mwanafunzi akafundishika, na mwanafunzi alijua anafundishwa na nani na akakaa kimya kwa sababu alikuwa anafaidi. Sasa anataka aliyoyatoa yasitumike. Nassor asiende Unguja. Asikae kwenye mtihani ule. Akikubali, yeye ataondoka sasa hivi, atarudi pangoni, na mwanamke atainuka hapo alipo mzima. Lakini akienda na kilicho changu, ilisema sauti, mimi nitachukua kilicho chake.

Makaa yalikuwa yanalia ndani ya chetezo.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Hija.

Nassor alimtazama mkewe chini ya shuka, akautazama mkono wake uliolala juu ya mkeka. Alifikiria tena mwaka mzima wa kuulizwa njiani. Akajiambia kuwa majini husema mengi, na kazi ya mganga ni kuwatoa wapende wasipende.

"Anasema anataka mbuzi mwekundu," alisema. "Na marashi, na kitambaa cheupe. Apelekewe pangoni."

Chini ya shuka jini likacheka. Lilicheka kwa furaha kama mtu aliyetunzwa, likacheka mpaka Bi Mwanapili akamfunika mtoto masikio.

Bi Hija hakucheka. "Amesema maneno mengi, Mwalimu. Uliyonipa machache."

"Kiingereza ndivyo kilivyo, Bibi. Kina maneno mengi."

Mbuzi akachinjwa, marashi yakamwagwa, kitambaa kikatandikwa penye mdomo wa pango. Mwanamize aliamka jioni, akala kidogo, akalala. Hakusema kitu, lakini hakuna aliyetaraji aseme. Kabla hajaondoka, Bi Hija aliagiza kuwa Mwanamize akirudi kusema lugha ile, asijibiwe na mtu yeyote, kwani jini hukua kwa kujibiwa. Nassor akamwomba Bi Mwanapili abaki na bintiye, na alfajiri akapanda gari kwenda Mkoani kwenye meli ya Unguja.

Mtihani ulikuwa mwepesi. Msamiati wote aliujua. Habari za ufahamu zilikuwa za kawaida, moja ya ufugaji wa nyuki, nyengine ya ujenzi wa reli, na hakuna iliyomtaja yeye wala nyumba yake. Alimaliza mapema, akatoka nje ya ukumbi akiwa mwepesi, akapita madukani akamnunulia mkewe kanga. Njia nzima ya kurudi alijiona mtu aliyekuwa na mzigo akautua.

Bi Mwanapili alimpokea mlangoni na Tatu kiunoni. Alikuwa amekonda. Alimwambia kwa mnong'ono kwamba tangu gari lilipoondoka, Mwanamize hakusema tena neno hata moja la Kiswahili. Ni lugha ile tu, mchana na usiku, tena maneno yale yale. Alikuwa akilia na kumwonyesha kidole mtoto, akimwendea, akitaka kumvuta, na yeye na majirani waliona jini linamtaka Tatu, kwa hiyo wakamfunga mikono kwa kanga. Hawakumjibu, kama walivyoagizwa.

"Nimemkalia mtoto saa zote," alisema. "Hatoki mapajani mwangu."

Nassor aliingia chumbani. Ile harufu haikuwapo. Mwanamize alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, sauti imemkauka, na alipomwona mumewe alifunga macho, machozi yakamtoka. Nassor akajua papo hapo kuwa huyu si jini. Huyu ni Mwanamize mwenyewe, na lugha aliyobakishiwa ni ile tu.

"Mtoe Tatu nyumba hii," alisema kwa Kiingereza, polepole, kila neno linamuumiza koo. "Nawaambia tangu ulipoondoka, hawanielewi. Yule jini alinichukulia maneno yangu siku ile ile, akanitoka, sasa anamwingia mtoto. Mpelekeni kwa Bi Hija leo. Na mimi nilikuwapo, Nassor. Alipokuwa akisema kwa kinywa changu nilikuwa nasikia. Alikuomba uache mtihani, basi. Kwa nini ulisema mbuzi?"

"Anasema nini?" aliuliza Bi Mwanapili, amesimama kizingitini.

Nassor alitafuta namna ya kulisema lile la mtoto bila ya kulisema la pili, akaiona.

"Anasema Tatu apelekwe kwa Bi Hija, akafukizwe. Twende naye sasa hivi."

"Ni hayo tu? Mbona amesema sana?"

"Ni hayo tu, mama."

"Si hayo tu," alisema Tatu.

Tatu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Alikuwa akijua kumwita mama, kuomba maji, kumfukuza kuku. Sasa alikaa wima juu ya kiuno cha bibi yake, akasema kwa sauti yake ile ile ya kitoto, lakini kwa Kiswahili safi cha darasani, maneno yote ya Mwanamize kuhusu mtihani na mbuzi, hakupunguza wala hakuongeza, na pale Mwanamize alipokuwa amevuta pumzi, naye akavuta. Lile la kumtoa mtoto nyumbani hakulitaja.

Bi Mwanapili alimtazama mkwewe usoni. Hakuhitaji kumuuliza kama ni kweli, uso wa Nassor ulikwisha kumjibu.

"Mama, usimsikilize huyo," alisema Nassor. "Usimjibu. Huyo si Tatu."

Mwanamize naye alikuwa anatikisa kichwa, anaivuta kanga aliyofungwa, anasema kwa haraka kwa ile sauti iliyokwisha, anarudia na kurudia. Nassor akaanza kutafsiri, akasema anatuambia tusimuulize mtoto, anatuomba, lakini Bi Mwanapili alimnyooshea mkono anyamaze.

"Wewe umeshatufasiria ya kutosha."

Akapangusa macho kwa ncha ya kanga yake. Akamgeuza mjukuu wake wakatazamana uso kwa uso, akamuuliza kwa upole, "Haya, mwanangu. Mama yako anasema nini?"

Tatu alimsikiliza mama yake mpaka akamaliza, kama mwanafunzi aliyetulia.

"Anasema niachwe papa hapa nyumbani," alisema. "Na baba asisikilizwe tena."

"Sawa, mwanangu," Bi Mwanapili akaitikia.